UZI: Ukivunjika mguu mlimani Uingereza, wanaokuja kukubeba hawalipwi hata senti

Mchaga_wa_Cumbria (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Juzi kwenye uzi wa yule dogo anayekuja Uingereza kusoma nilidokeza kwamba huku ukiumia mlimani wanaokuja kukushusha ni watu wa kujitolea, na hawakudai chochote. PM zikamiminika. Wengine waungwana, wengine wananiambia niache fiksi, Mzungu hafanyi kitu cha bure. Nimeona nifungue uzi kabisa. Niko kwenye timu moja ya Lake District, eneo la milima kaskazini-magharibi mwa England, bado mwanafunzi, maana hupewi uanachama kamili siku ya kwanza, unaangaliwa kwanza. Kazi kubwa ya mwanafunzi ni kubeba, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kutokea begani.

Kwanza tumalizane na urefu, najua watu wa Moshi mmeshaanza kujiandaa. Scafell Pike, mrefu kuliko yote England, una mita 978. Ben Nevis wa Scotland, mrefu kuliko yote Uingereza nzima, mita 1,345. Ndiyo, geti la Marangu liko juu kuliko hapo. Chekeni mmalize.

Sasa sikilizeni. Kilimanjaro hupandi bila kuandikisha jina getini na bila mwongozaji. Huku hakuna geti. Mtu anatoka Manchester asubuhi, anapaki gari, anatupa mfuko wa chipsi kwenye begi na kuanza kupanda na raba za mazoezi. Hakuna anayejua yuko juu. Chini jua linawaka, na saa mbili baadaye wingu limemkalia kichwani, upepo wa Atlantiki unampiga na mvua inakuja kwa ubavu, haishuki kama ya kwetu. Hata Julai.

Wengi hawaanguki gengeni kama mnavyoona kwenye filamu. Wanateleza wakati wa kushuka, miguu imechoka, mtu anakanyaga jiwe bichi na kifundo kinakwenda. Basi. Kifundo peke yake hakiui mtu. Kinachoua ni kukaa pale pale bila kusogea, nguo zimelowa, giza linaingia. Unatetemeka, unatetemeka, halafu unaacha kutetemeka na unaanza kujisikia vizuri. Mkifika hapo, hali ni mbaya.

Utaratibu uko hivi: unapiga 999, unaomba polisi, halafu unawaambia unataka Mountain Rescue. Ukiomba ambulensi utapata mtu anayekuuliza jina la mtaa na namba ya nyumba. Kisheria utafutaji wa watu nchi kavu ni jukumu la polisi, na polisi ndio wanaoita timu. Kiongozi wa zamu anakupigia mwenyewe, yuko kazini kwake au anakula na wanawe, anakuuliza maswali, halafu anakutumia ujumbe wenye kiungo. Ukikibonyeza, mahali ulipo panatokea kwenye ramani yake. Kuna wanaotegemea what3words, programu inayotaja mahali kwa maneno matatu, lakini mwaka 2021 wakuu wa Mountain Rescue wa England na Wales walilalamika hadharani kwamba wanaletewa maneno yaliyokosewa yanayoangukia nchi nyingine kabisa. Mtu anatetemeka, simu inakatakata, anataja neno, la pili linasikika vingine. Ndiyo maana tunataka kiungo.

Simu ikiwa imekufa, tumia filimbi. Puliza mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya hivyo hivyo kwa tochi. Ukijibiwa mara 3, umesikika, lakini usiache kupuliza. Watu wanaacha wakishasikia majibu, na kwenye ukungu sauti inazunguka, tunabaki tunahangaika.

Helikopta zipo, ni za walinzi wa pwani, zinalipiwa na serikali na marubani wanalipwa mishahara yao. Ila wingu likishuka helikopta inageuza. Hapo ndipo tunapoingia sisi wa miguu.

Machela inapandishwa vipande viwili, kila kimoja mgongoni kwa mtu, inaunganishwa pale alipo majeruhi. Mguu unafungwa banzi, mtu analazwa kwenye godoro maalumu ambalo likinyonywa hewa linakakamaa na kumshika umbo lake lilivyo, kisha anaingizwa kwenye mfuko mnene wa joto, zipu hadi kidevuni. Tunakuwa wanane kwenye machela, wanne kila upande. Kuna mmoja mbele anayechagua njia na kupiga kelele: jiwe kushoto! maji! shimo! Kwenye mteremko mkali kuna kamba nyuma, na anayeishika ndiye bosi wa mwendo, hata daktari anamtii. Mwingine anakaa usawa wa kichwa cha mgonjwa anapiga naye soga muda wote. Si ukarimu tu. Mgonjwa akianza kujibu ovyo au akanyamaza, machela inasimama.

Kuna mama mmoja wa makamo, mguu wake ulikuwa unaangalia upande usio wake, alikuwa akiomba radhi kila tulipokanyaga vibaya. "Samahani jamani, nimewaharibia Jumapili yenu." Mwenzetu mmoja fundi bomba, ndevu zinachuruzika maji, akamwambia asijali, nyumbani kuna vyombo vya kuosha vinamsubiri. Akacheka hadi daktari akamwambia atulie.

Timu ndiyo hiyo: fundi bomba, mwalimu, mfugaji wa kondoo, nesi, jamaa wa benki. Hakuna posho. Viatu unanunua mwenyewe. Gari, redio za upepo, machela, vinatokana na michango: makopo kaunta za madukani, watu wanaokimbia marathoni kuchangisha, wazee wanaoacha kitu kwenye wosia. Na mimi nimesimama mlango wa supamaketi na ndoo. Mtu asikudanganye kwamba uokoaji ni kamba na ushujaa. Nusu yake ni ndoo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

---

Kibo_Mgumu

Shimbonyi kaka! Mita 978... mimi nilizaliwa juu kuliko hapo na mama hakuita helikopta 😂

Uzi mzuri lakini. Mimi nimekuwa mgumu (mbeba mizigo) miaka, sasa naongoza wageni. Huku Kilimanjaro tatizo letu kubwa si kifundo, ni kimo. Mgeni anafika kambi za juu, Barafu au Kibo Hut, kichwa kinapasuka, anatapika, anaanza kutembea kama amelewa, ukimsikiliza kifuani kuna maji yanachemka. Dawa ya kwanza ni moja tu: shuka. Shuka usiku huo huo, usisubiri kuche. Oksijeni inasaidia, lakini ukishuka mita elfu moja utamwona mtu mwingine kabisa.

Tuna machela ya gurudumu moja katikati. Wanaoiona kwenye picha wanadhani ni toroli la sokoni. Hilo gurudumu linabeba uzito, sisi kazi yetu ni kulizuia lisikimbie na kulinyanyua kwenye mawe. Watu sita, wawili mbele, wawili nyuma, wawili ubavuni. Mgeni anapigwa mishtuko hadi meno yanagongana, lakini anashuka. Kwenye ada za hifadhi mgeni analipa dola 20 za uokoaji, na KINAPA (hifadhi ya Kilimanjaro) wana askari wao. Helikopta nayo ipo siku hizi, hiyo ni habari ya bima.

Sasa naomba niulize jambo. Mgeni akizidiwa tunambeba, tunajua hivyo. Mgumu akizidiwa? Nimeona kijana amelowa hadi mfupa, koti la kuazima, kampuni yake (siitaji) inamwambia ashuke mwenyewe "taratibu". Mwenyewe! Hakuna dola 20 zake popote.

---

Mchaga_wa_Cumbria

@Kibo_Mgumu Shimbonyi. Hapo umenipiga kwenye mshono. Huku hawaulizi we ni nani. Mwaka 2020 timu ya Wasdale walipanda watu 16 kwenda kumshusha mbwa kutoka Scafell Pike. Mbwa! Aina ya Saint Bernard, jina lake Daisy, kilo 55, miguu ya nyuma iligoma. Karibu saa tano za kazi. Hao mbwa ndio waliokuwa wakiokoa watu huko Alps enzi hizo, kwa hiyo deni limelipwa. Mbwa alibebwa kwenye machela, kijana wa Kibosho anaambiwa ashuke taratibu. Sina la kuongeza.

---

Mwakaleli99

Mleta uzi mimi sikubaliani na hii bure bure. Mtu amepanda na kandambili, hana koti, hana tochi, kaitisha watu kumi na tano usiku wa manane, halafu anasema asante anaondoka? Apigwe faini. Laki tano tu, uone kama hatajifunza. Hata huku bodaboda akianguka bila kofia ngumu tunamchangia sote.

---

Dada_wa_Bayern

Huku Ujerumani kusini Bergwacht nao wengi wao ni wa kujitolea kama hao wa kaka, ila bili inakwenda kwa bima ya afya. Kama hukuumia, umepotea tu au umeishiwa nguvu, unaweza kulipa mwenyewe. Chamonix Ufaransa ni askari wa gendarmerie kabisa, wanalipwa mshahara na hawakudai. Kila nchi na desturi yake.

Ila Mwakaleli, umewahi kuogopa kuita ambulensi kwa sababu ya pesa? Mimi nimewahi, si huku, nyumbani.

---

Mchaga_wa_Cumbria

@Mwakaleli99 huu mjadala na huku upo kila mwaka, hasa wakipigiwa na watu wanaotumia simu kama tochi. Wakuu wa timu wamesimama pale pale: hakuna kulipisha. Dada wa Bayern ameshagusa sababu. Fikiria kifundo kimeenda saa 9 mchana. Anayejua ni bure anapiga saa 9 na robo. Tunampata kwa mwanga, anaongea, ana joto, jioni yuko hospitali. Anayeogopa laki tano anajikongoja kwanza. Anajaribu njia ya mkato. Saa 3 usiku ndipo mke wake anapiga, simu ya mume haipatikani, na sasa si kubeba tena, ni msako. Timu tatu, mbwa, korongo moja baada ya jingine, mawe yenye utelezi gizani. Faini yako imezaa kazi mara tano, na pengine maiti.

Halafu kuna hatari ya waokoaji wenyewe. Februari 2021, wakati wa marufuku ya korona, wawili walipiga kambi mlimani karibu na Kirkstone Pass, mmoja akashikwa na maumivu ya kifua. Timu ya Patterdale ikapanda usiku. Mwanachama wao mmoja akateleza akaanguka kama mita 150, uti wa mgongo ukaumia vibaya sana. Wale wawili walitozwa faini ya korona. Watu walikasirika kama wewe, mkuu, na michango ya yule mwanachama ikafurika. Lakini timu haikusema kuanzia leo tutawalipisha wazembe. Na ukweli ni kwamba mzembe na mwenye bahati mbaya, ukiwa umepiga magoti pembeni yake kwenye mvua, wanafanana.

---

Mwakaleli99

Hilo la saa 3 usiku limeniingia. Laki tano nafuta. Lakini kandambili jamani!

---

Wambui_Ngong

Sasa nyinyi mnazungumzia Ulaya, hebu mje hapa kwetu. Nairobi siku hizi kila Jumamosi kuna basi la kupanda milima: Ngong, Longonot, Kilimambogo, Elephant Hill. Unalipa kwa M-Pesa, unaongezwa kwa grupu, saa 11 asubuhi mnakutana mjini. Watu arobaini, viongozi wawili, na mmoja wao ndiye mpiga picha. Elephant Hill ukiwa juu kwenye mianzi ukungu unaingia, matope hadi magotini, wa mbele wamepotea kwa macho na wa nyuma wanalia. Nimekuwa huko. Kiongozi alikuwa na selfie stick, hakuwa na filimbi.

Na Hell's Gate tusisahau. Mafuriko yalibeba watu kwenye lile korongo 2012, yakarudi 2019. Mvua ilinyesha mbali, wao chini wanaona jua.

KWS, shirika la wanyamapori, wana watu wao Mt. Kenya na wanajua kazi. Lakini kwa hivi vilima vya kawaida ni nani? Mimi nimehifadhi 1199 ya Msalaba Mwekundu, na jina la mlinzi wa geti. Hiyo ndiyo timu yangu.

---

Mzee_Naro_Moru

Vijana, nimesoma yote. Wambui binti yangu, umesema kweli, lakini msidhani Kenya haikuwahi kuwa na habari hizi. Septemba 1970 madaktari wawili kutoka Austria walikuwa karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya. Jiwe likachomoka, mmoja wao, Gerd Judmaier, akaanguka na mfupa wa mguu ukatoka nje. Mwenzake, Oswald Oelz, akashuka peke yake kutafuta msaada, kisha akarudi juu kukaa naye. Waliojitokeza walikuwa watu wa Mountain Club of Kenya na waokoaji wa hapa hapa, hawakuwa na vifaa vya kumshusha mtu kwenye ukuta kama ule. Wakapanda hivyo hivyo, na dawa, na maji. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, rubani akafa. Mwishowe wakaletwa wapanda milima kutoka Innsbruck kwa ndege na vifaa vyao, wakamshusha. Alikaa juu zaidi ya wiki moja, na akaishi.

Sisi huku chini tulikuwa tunatazama juu kila asubuhi kama wingu limefunguka. Watu wanawasifu Waaustria, na wanastahili. Lakini bila wale waliopanda siku za kwanza, Waaustria wangemkuta amekufa.

---

Kibo_Mgumu

Shikamoo mzee. Hii sikuwahi kuisikia, na mlima nauona kila siku (wa kwetu lakini).

---

Mzee_Naro_Moru

Marahaba. Wa kwenu ni wa kutembea, wa kwetu ni wa kupanda. 🙂

---

Mchaga_wa_Cumbria

Shikamoo mzee. Naongeza moja linalofanana, ni la mwanzo wa mambo huku. Mwaka 1928 kijana mmoja alivunjika paja kwenye miamba ya Laddow, si mbali na Manchester. Wenzake walimshusha kwa machela ya kuungaunga, kwa saa nyingi, bila dawa ya maumivu. Daktari wa upasuaji Wilson Hey akalazimika kumkata mguu, na akashikilia kwamba ile safari ilimdhuru kuliko kuanguka kwenyewe. Kuanzia siku hiyo Hey hakulala. Alitaka vitu viwili mlimani: machela ya maana, na mofini. Machela ikapatikana miaka ya 1930. Mofini serikali ikagoma, kwamba haiwezi kuachwa mikononi mwa watu wasio madaktari. Hey akaendelea kuwagawia waokoaji mwenyewe, anajua anavunja sheria, na mwaka 1949 akapelekwa mahakamani na kutozwa faini. Kesi ile ndiyo iliyowaaibisha wakubwa wakakubali. Mpaka leo timu zinabeba mofini kihalali, na ili uiguse unafanya mtihani wa huduma ya majeruhi kila baada ya miaka michache. Mimi bado. Mimi ni mabega.

Kwa hiyo unaona, serikali haikuleta kitu. Iliburuzwa.

---

Mstaafu_Muscat

Assalaam alaykum. Huku Oman vijana wanakwenda Jebel Shams na mabondeni wikendi, na shida yetu ni wadi, yaani mabonde makavu, kufurika ghafla, kama alivyosema dada wa Nairobi. Tunapiga 9999. Nimewakataza wanangu kuvuka wadi yenye maji hata wakiwa na gari la kwenda popote. Uzi mzuri, Allah awalipe hao wabebaji.

---

Dogo_Morogoro

Wakuu mimi na wenzangu chuoni tunapanda Uluguru, Morningside na kuendelea juu. Hatuna timu, hatuna helikopta, tuna bodaboda tu hadi pale inapoishia njia. Tunaweza kuanza na nini cha bei rahisi?

---

Mchaga_wa_Cumbria

@Dogo_Morogoro swali zuri kuliko yote humu. Kabla ya kuondoka mwachieni mtu aliye chini njia mtakayopita na saa ya kurudi, na akubali kwamba ikipita saa fulani atapiga simu bila kuona aibu. Hilo halina gharama. Filimbi kila mtu, si moja ya kikundi. Tochi ya kichwani hata kama mnapanga kurudi saa 8. Pawabenki. Na turubai kubwa la plastiki: mtu akiumia mnaingia wote chini yake, mnakaa mmebanana, joto linabaki. Timu zetu zinabeba kitu kama hicho cha kitambaa, na nimekaa ndani yake na watu saba wananuka kondoo, ila joto lipo.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Waendeeni kituoni kwao Morogoro mkiwa wazima, waulizeni mtu akivunjika juu ya Morningside watafika vipi. Na muongee na vijana wa vijiji vya juu. Wao ndio watakaobeba, kwa hiyo wajueni majina sasa.

---

Wambui_Ngong

Hiyo ya turubai nimeichukua. Kibo_Mgumu, swali la haraka: tunakuja Kili Desemba, bima ya kawaida ya safari inatosha?

---

Kibo_Mgumu

Dada soma maandishi madogo. Nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,500, na kilele ni 5,895. Tafuta inayoandika hadi 6,000 na inayotaja helikopta waziwazi. Na uliza kampuni kabla hujalipa: machela mnayo, oksijeni mnayo, na wagumu wenu wamevaa nini? Wakikwepa hilo la tatu, tafuta kampuni nyingine. Njoo PM nikupe maswali mengine ya kuwabana.